Maswali Yanayoulizwa Sana na Mashabiki wa NBA, Besiboli, Gofu na Michezo ya Vyuo vya Marekani

Haya ni maswali ambayo yanarudi kila msimu, NBA ikianza mwezi wa kumi yanarudi, Masters ya gofu ikikaribia yanarudi, na mechi za vyuo za mwezi wa tatu zikianza ndo kabisa simu hazilali. Nimeyakusanya sehemu moja ili mtu mpya asione aibu kuuliza. Naandika Februari 2026, kwahiyo bingwa yeyote nitakayemtaja ni wa msimu uliokwisha kabla ya hapo, na masaa yote ni ya Afrika Mashariki. Ila kuna kitu kimoja nataka ukishike mapema, michezo ya Marekani bila kuelewa vyuo vyao huielewi, utabaki unaangalia vipande vya danki na homu rani basi, hujui yule kijana katoka wapi na kwanini kaenda timu ile na si nyingine.

Mechi zinaanza saa ngapi kwetu? Mbona mara nyingine naamka nakuta robo ya kwanza imeisha?

Kwa sababu wenzetu wanabadilisha saa mara mbili kwa mwaka na sisi hatubadilishi. Jumapili ya pili ya mwezi wa tatu wanasogeza mbele, Jumapili ya kwanza ya mwezi wa kumi na moja wanarudisha nyuma. Kipindi cha joto kwao New York iko nyuma yetu masaa 7, kipindi cha baridi masaa 8. Mechi ya NBA ya saa moja na nusu jioni kwao, mwezi wa kwanza utaiona saa tisa na nusu usiku, mwezi wa nne utaiona saa nane na nusu. Lakers au Warriors wakiwa nyumbani kwao California ni alfajiri mpaka asubuhi, kwa mtu anayeamka mapema hizo ndo mechi nzuri zaidi maana unalala usingizi wako kamili alafu unaangalia na chai. Walio Goma, Bukavu, Lubumbashi, Kigali na Bujumbura mtoe saa moja, walio Muscat na Dubai muongeze moja.

Besiboli ina mechi nyingi za mchana, saa saba mchana New York kipindi cha joto ni saa mbili usiku kwetu, kwahiyo kama usiku wa manane huuwezi anza na besiboli. Mechi za futiboli ya Marekani za vyuo nazo zinaanza Jumamosi mapema, Septemba na Oktoba mechi ya kwanza ya siku unaipata saa moja usiku.

Nani bingwa wa NBA kwa sasa?

Oklahoma City Thunder. Waliifunga Indiana Pacers 4-3 Juni 2025, na Shai Gilgeous-Alexander, Mkanada, alichukua mchezaji bora wa msimu na mchezaji bora wa fainali kwa mpigo. Mechi ya saba iliuma, Tyrese Haliburton wa Pacers aliumia kano ya kisigino robo ya kwanza tu, alikuwa ameshatupia pointi tatu mara tatu na alikuwa amewaka, alafu anataka kuanza kukimbia mguu ukagoma akaanguka anapiga sakafu kwa mkono. Pacers walipambana lakini ile timu bila yeye haikuwa ile. Kabla ya hapo 2024 ilikuwa Boston Celtics, taji lao la 18, hakuna timu yenye mengi zaidi.

Timu mbovu inashuka daraja?

Haishuki. Hili ndo linawachanganya sana waliokulia kwenye soka. Kwetu Ligi Kuu ukishika mkia unashuka, huko ukishika mkia unapewa nafasi nzuri ya kuchagua kijana bora anayetoka chuo. Chicago White Sox 2024 walipoteza mechi 121, rekodi mbaya kuliko zote kwenye besiboli ya kisasa, na 2025 walikuwepo palepale kwenye ligi ileile.

NBA ili timu zisifungwe makusudi wameweka bahati nasibu, timu tatu za mwisho kila moja ina asilimia 14 ya kupata chaguo la kwanza, zinazofuata zinapungua pungua mpaka chini kabisa. Na bahati nasibu haina adabu! Dallas Mavericks 2025 walikuwa na asilimia 1.8 tu wakashinda, wakamchukua Cooper Flagg wa chuo cha Duke.

Hivi kweli Dallas walimuuza Luka? Ilikuwaje?

Kweli kabisa, usiku wa Jumamosi kuamkia Jumapili mwanzoni mwa Februari 2025. Watu waliamka wakidhani akaunti ya mwandishi aliyetoa habari imedukuliwa. Luka Dončić, miaka 25, aliyekuwa ametoka kuwafikisha fainali miezi michache tu nyuma, akaenda Lakers, Dallas wakapata Anthony Davis, Max Christie na chaguo moja la raundi ya kwanza la 2029. Kumbuka NBA mchezaji haulizwi kama soka, klabu hazilipani ada ya uhamisho alafu mchezaji akakubaliana mshahara, hapana, mkataba wako unahamia na wewe unahamia nao, unaweza kuambiwa usiku asubuhi ukawa mji mwingine. Wachache sana wana kipengele cha kukataa.

Mashabiki wa Dallas walilia hadharani, wengine walipeleka jeneza nje ya uwanja. Meneja mkuu Nico Harrison, aliyefanya dili hilo, alifukuzwa Novemba 2025. Mimi naona hii ndo tredi, yaani kubadilishana wachezaji, mbaya kuliko zote nilizowahi kushuhudia na sidhani kama nitabadilisha mawazo, hata Flagg akiwa mkubwa kiasi gani, kwasababu Flagg walimpata kwa bahati, sio kwa akili.

Hasheem Thabeet alifeli?

Hili swali linanigusa, na nitalijibu kwa urefu.

Hasheem ni kijana wa Dar es Salaam, kazaliwa 1987, hakuanza basketi mpaka ameshakuwa kijana mkubwa, alafu ndani ya miaka michache yuko chuo kikuu cha Connecticut, UConn, timu ya juu kabisa ya vyuo. Mita 2.21. Msimu wa 2008-09 alikuwa mlinzi bora wa ligi yao ya Big East, na mchezaji bora wa ligi akigawana na DeJuan Blair, na UConn wakafika nne bora. Juni 2009 Memphis Grizzlies wakamchagua namba 2. Mbele yake ni Blake Griffin peke yake. Nyuma yake namba 3 ni James Harden, namba 7 ni Stephen Curry.

Hapo ndo watu wanapomchoma, kwasababu ya Curry aliyekuja kuwa nyota mkubwa. Lakini Hasheem hakujichagua, walimchagua watu wenye kazi yao wanaolipwa kwa kazi hiyo. Alipofika ligi ilikuwa inaanza kubadilika, majitu marefu yanayokaa chini ya ringi kuzuia mipira yakaanza kupungua thamani, kila mtu anataka mrefu anayeweza kutupia mbali na kukimbizana na watu wafupi. Akazunguka Memphis, Houston, Portland, akamalizia Oklahoma City na Kevin Durant na Russell Westbrook. Ni Mtanzania wa kwanza kucheza NBA na mpaka leo watoto wa viwanja vya Dar wakiulizwa nani aliwaonyesha inawezekana watakutajia yeye. Kusema alifeli ni kumdhulumu.

Wengine wa ukanda wetu ni kina nani?

Kongo ndo baba lao. Dikembe Mutombo, wa Kinshasa, alienda chuo cha Georgetown akitaka kuwa daktari, kocha John Thompson akamweka kwenye basketi, akacheza misimu 18 na kuwa mlinzi bora wa ligi mara 4. Kile kidole alichokuwa anatikisa akishazuia mpira kila mtu anakijua. Pesa yake alijenga hospitali Kinshasa kwa jina la mama yake, Biamba Marie Mutombo, ilifunguliwa 2007. Alifariki 30 Septemba 2024, kansa ya ubongo, miaka 58. Hakuna mchezaji wa Afrika ninayemheshimu zaidi yake, hata Hakeem Olajuwon mwenye mataji mawili na Houston.

Bismack Biyombo ni wa Lubumbashi, Jonathan Kuminga ni wa Goma kabisa, alichaguliwa namba 7 na Golden State 2021 na mwaka uliofuata akavaa pete ya ubingwa. Baba yake Victor Wembanyama ana asili ya Kongo pia.

Na kuna Khaman Maluach, huyu mfuatilie. Mzaliwa wa Sudan Kusini, kakulia Uganda kama familia nyingi zilizokimbia vita, akacheza ligi ya Afrika, BAL, mara ya mwisho na City Oilers ya Kampala 2024, mwaka huohuo akaenda Olimpiki Paris na taifa lake, kisha Duke mwaka mmoja pamoja na Flagg, na 2025 akachaguliwa namba 10 akaishia Phoenix Suns. Kutoka ligi yetu wenyewe mpaka NBA, ndani ya muda mfupi namna ile.

BAL ni nini na ina maana yoyote?

Ligi ya mabingwa ya basketi Afrika, NBA na FIBA, shirikisho la basketi la dunia, wako nyuma yake. Ilianza 2021 Kigali, Zamalek ya Misri wakachukua, wakafuata US Monastir, Al Ahly, Petro de Luanda, na 2025 Al Ahli Tripoli ya Libya. Nairobi City Thunder waliingia 2025, timu ya kwanza ya Kenya. Maana inayo, ukumbi wa Kigali ukijaa utasahau kama unaangalia Afrika au wapi.

Besiboli siielewi kabisa, nianzie wapi?

Anza na watu wawili tu, mrushaji na mpigaji, mengine yote yatakuja yenyewe. Mrushaji anataka kumtoa mpigaji, mpigaji anataka kufika besi ya kwanza, alafu azunguke besi zote arudi alipoanzia, hiyo ni rani moja, ndo pointi yenyewe. Mrushaji akipata straiki 3, yaani mirusho mizuri ambayo mpigaji kaiacha au kaikosa, mpigaji katoka, akirusha mipira 4 mibaya ambayo mpigaji hajaifuata mpigaji anatembea bure mpaka besi ya kwanza. Watu 3 wakitoka mnabadilishana, na timu zote mbili zikishapiga hiyo ni awamu, zipo 9. Mpira ukiupiga ukavuka uzio ndani ya mistari ni homu rani, wote walioko kwenye besi wanaingia na wewe mwenyewe. Hamna sare, mkilingana mnaendelea mpaka mtu ashinde.

Watu wanasema inachosha. Zamani ilikuwa kweli, mechi masaa matatu na zaidi, lakini toka 2023 kuna saa ya kumbana mrushaji, sekunde 15 kama besi ziko tupu, na mechi sasa ni kama masaa mawili na dakika arobaini hivi. Na msimu huu wa 2026 kuna jipya, mchezaji akiona refa wa nyuma ya kibao kakosea straiki anaruhusiwa kugusa kofia akate rufaa na kamera zinaamua, ila timu ina rufaa 2 tu za kupoteza. Naipenda hii maana uamuzi wa hovyo umeharibu mechi nyingi kubwa.

Mechi ni 162 kwa timu kwa msimu, kuanzia mwisho wa mwezi wa tatu. Usijaribu kuziangalia zote, chagua timu moja, soma matokeo asubuhi, angalia za wikiendi, mwezi wa kumi ukifika ndo unaacha kulala.

Huyu Ohtani kwanini anasifiwa hivyo?

Kwasababu anafanya kazi mbili ambazo kila mtu aliambiwa haziwezi kufanywa na mtu mmoja. Anarusha na anapiga, na vyote kwa kiwango cha juu kabisa cha dunia.

Chukua usiku mmoja tu, 17 Oktoba 2025, Dodgers na Milwaukee, mechi ya nne ya kutafuta tiketi ya kwenda World Series, fainali ya besiboli. Ohtani anaanza kama mrushaji. Mtu wa kwanza anamruhusu kutembea, watatu wanaofuata anawatoa kwa straiki. Anashuka kwenye kilima, anavaa kofia ngumu, anachukua rungu, maana yeye ndo mpigaji wa kwanza wa timu, anapiga homu rani hapohapo. Baadaye anapiga ya pili, ile ilipita juu ya paa la jukwaa ikatoka nje ya uwanja. Alafu ya tatu. Homu rani 3, na kama mrushaji akatoa watu 10 kwa straiki bila kuruhusu hata rani moja. Dodgers 5-1, wanaenda fainali. Sijawahi kuona mtu mmoja akitawala mechi ya timu namna ile kwenye mchezo wowote, soka ikiwemo.

Mwaka 2024 alikuwa wa kwanza kupiga homu rani zaidi ya 50 na kuiba besi, yaani kukimbilia besi inayofuata bila mpira kupigwa, zaidi ya mara 50 msimu mmoja, 54 na 59. Mkataba wake na Dodgers ni dola milioni 700 kwa miaka 10, ila milioni 680 atalipwa baada ya mkataba kuisha.

Dodgers wananunua ubingwa?

Wananunua wachezaji, ubingwa bado lazima uuchezee. Besiboli haina kikomo cha mishahara kama kile cha NBA, ukizidi unalipa kodi tu, na Dodgers wanalipa. Lakini hizi World Series za 2024 na 2025 hazikuwa za kupewa. Ya 2025 na Toronto Blue Jays iliisha 4-3, mechi ya tatu ilienda awamu 18, kwetu ilianza saa tisa usiku ikaisha karibu saa nne asubuhi kwa homu rani ya Freddie Freeman, watu wameshafika kazini bado wanaifuatilia kwenye simu chini ya meza! Mechi ya saba Toronto walibakiza watu wawili tu wa kutoa wawe mabingwa, Miguel Rojas ambaye sio mpigaji wa nguvu hata kidogo akasawazisha, na Will Smith akamaliza awamu ya 11, 5-4. Yoshinobu Yamamoto alirusha mechi ya sita akaja kurusha tena ya saba kesho yake, kitu ambacho siku hizi hakifanyiki.

Kinachonitia hofu ni mkataba wa ligi na chama cha wachezaji, unaisha 1 Desemba 2026, wamiliki wanataka kikomo cha mishahara wachezaji hawataki hata kusikia, tusije kushangaa wamiliki wakifunga milango ligi ikasimama.

Kuna Mwafrika aliyewahi kucheza besiboli ya juu?

Gift Ngoepe wa Afrika Kusini, Pittsburgh Pirates, Aprili 2017, na mpigo wake wa kwanza kabisa akafika besi. Kwa upande wetu Uganda ndo wako mbele sana. Watoto wa Lugazi walikuwa timu ya kwanza ya Afrika kucheza kombe la dunia la watoto kule Williamsport 2012, na 2011 watoto wa Uganda walikuwa wameshafuzu wakanyimwa viza, iliuma sana. Dodgers walisaini vijana wawili warushaji kutoka Uganda 2022, Ben Serunkuma na Umar Male. Na Dennis Kasumba, yule mdakaji aliyekuwa anafanya mazoezi na matairi na chupa za maji kwenye video zake, 2023 alipata nafasi kwenye ligi ya vijana wanaosubiri kuchaguliwa.

Gofu nayo inafuatiliwaje? Mbona anayeongoza ana namba za kutoa?

Kila shimo lina idadi ya mipigo inayotegemewa, 3, 4 au 5, na mashimo 18 kwa kawaida jumla ni 70 mpaka 72. Ukitumia mpigo mmoja pungufu unaandikiwa kutoa 1, ukizidisha kujumlisha 1. Mwenye mipigo michache kabisa baada ya siku 4 kashinda. Ndo hivyo tu.

Makubwa ni manne: Masters mwezi wa nne pale Augusta, PGA Championship mwezi wa tano, US Open wa sita, na The Open Uingereza mwezi wa saba, hii ya mwisho ndo rafiki kwetu maana inaisha mapema usiku. 2025 zilienda kwa Rory McIlroy, Scottie Scheffler, J.J. Spaun na Scheffler tena.

Kwanini Rory alilia Augusta?

Miaka 11 bila kombe kubwa, na miaka yote hiyo lilikuwa limebaki hilo moja tu akamilishe yote manne. Jumapili ile Aprili 2025 aliongoza, akapoteza, akaongoza tena. Shimo la 13 alikuwa na mpigo mfupi tu ambao hata mchezaji wa klabu angeuweka salama, yeye akautumbukiza kwenye kijito. Shimo la 18 akakosa kuingiza kwa umbali wa kama mita moja na nusu, ikawa mtoano na Justin Rose. Wakarudia la 18, safari hii akaweka mpira karibu na bendera akaingiza, akapiga magoti akaficha uso kwenye majani, mwili mzima unatetemeka. Ni mtu wa 6 tu kwenye historia kuchukua yote manne, baada ya Sarazen, Hogan, Player, Nicklaus na Woods. Mimi sio hata shabiki wake na nilisimama.

LIV imefia wapi?

Haijafa. Ligi ya pesa za mfuko wa Saudi Arabia ilianza 2022, ikachukua wakubwa, Jon Rahm akaenda mwisho wa 2023. Juni 2023 walitangaza makubaliano na PGA Tour, ligi kubwa ya gofu ya Marekani, na mpaka leo muungano wenyewe hatujauona. Mwaka huu LIV wametoka mashimo 54 kwenda 72 kama wengine, na Brooks Koepka amerudi PGA Tour. Naona upepo umegeuka.

Kuna gofu ya kiwango hicho huku kwetu?

Kenya Open, Nairobi. Iko kwenye ratiba ya ligi kubwa ya Ulaya toka 2019, Muthaiga na Karen zimekuwa zikiipokea. Seve Ballesteros alishinda hapo 1978, mwaka uliofuata akachukua The Open. Trevor Immelman alishinda 2000 na 2008 akavaa koti la kijani la bingwa wa Masters pale Augusta. Ukipata nafasi nenda uone kwa macho, unasimama mita chache kutoka kwa mchezaji.

Haya, vyuo. Kwanini mnasema kila kitu kinaanzia huko?

Angalia waliotajwa hapa. Thabeet UConn, Mutombo Georgetown, Flagg na Maluach Duke, Curry Davidson, chuo kidogo ambacho watu wengi walikuwa hawakijui. Gofu hivyohivyo, Tiger Woods Stanford, Scheffler Texas, Rahm alitoka Hispania akaenda Arizona State. Klabu za Marekani hazina akademi za watoto kama Ajax au Barcelona, kazi ya kulea wachezaji inafanywa na shule na vyuo, na watu wa mji wanaishabikia timu ya chuo kuliko hata ya kulipwa, maana kuna majimbo hayana timu ya kulipwa hata moja. Alabama au Nebraska chuo ndo kila kitu.

Mwezi wa tatu, mashindano ya basketi ya vyuo, ndo utamu wenyewe. Timu 68 kwenye makundi manne, kila kundi zimepangwa kwa ubora namba 1 mpaka 16, ukifungwa mara moja unarudi nyumbani, wiki tatu. 2018 UMBC waliopangwa namba 16 waliipiga Virginia namba 1 kwa 74-54, haikuwahi kutokea upande wa wanaume, alafu 2023 Fairleigh Dickinson wakairudia kwa Purdue. 2025 ikawa kinyume, namba 1 wote wanne walifika nne bora na Florida wakaifunga Houston 65-63. Mwaka huu nne bora iko Indianapolis mwanzoni mwa Aprili.

Na upande wa wanawake usiuruke. Fainali ya 2024, South Carolina na Iowa ya Caitlin Clark, iliangaliwa na watu milioni 18.9, ya wanaume mwaka huohuo milioni 14.8.

Wanafunzi wanalipwa sasa?

Ndio. Toka Julai 2021 wanaruhusiwa kuuza majina na sura zao kwenye matangazo, na Juni 2025 jaji Claudia Wilken akapitisha makubaliano ya kesi ya House, ya wanamichezo dhidi ya NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, kwahiyo sasa chuo chenyewe kinaweza kuwalipa wanamichezo wake moja kwa moja, mpaka kama dola milioni 20.5 kwa chuo kwa mwaka huu wa masomo, na waliocheza zamani watalipwa fidia ya dola bilioni 2.8 kwa miaka 10. Kwangu ni haki, vyuo na makocha wametajirika miaka mingi wakati mwenye goti lililopasuka anaondoka na cheti tu.

Kasoro zipo. Potali ya uhamisho, yaani mfumo wa mchezaji kuhamia chuo kingine, imefanya kikosi kibadilike kila mwaka, unampenda kijana, mwaka unaofuata yuko kwa mahasimu. Na kutafuta pesa za televisheni kumevunja ligi za miaka na miaka, vyuo 10 kati ya 12 viliikimbia Pac-12 mwaka 2024, sasa Stanford na California ambao wako Pasifiki wako kwenye ligi ya pwani ya Atlantiki, wanafunzi wanapanda ndege masaa 5 kwenda kucheza voliboli katikati ya wiki. Hilo silikubali hata kidogo.

Lakini uhamisho huohuo ndo uliowapa Indiana ubingwa wa futiboli Januari 2026, chuo kilichojulikana kwa basketi, hawajawahi kuchukua, kocha Curt Cignetti kaja kaokota wachezaji huku na huku, wakashinda 16 bila kufungwa, fainali wakaifunga chuo cha Miami 27-21. Ukimwambia mtu hivyo miaka mitatu nyuma angekuona umechanganyikiwa.

Na wakimbiaji wetu vyuoni?

Hawa hawaongelewi vya kutosha. Henry Rono alikuwa mwanafunzi wa Washington State mwaka 1978 alipovunja rekodi 4 za dunia ndani ya siku 81: mita 5,000, kuruka viunzi na maji mita 3,000, mita 10,000 na mita 3,000. Mwanafunzi! Na aliyeshikilia rekodi ya 10,000 kabla yake, Samson Kimobwa, naye alikuwa chuo hichohicho. Suleiman Nyambui wetu alisoma Texas, El Paso, akachukua mataji ya vyuo na fedha ya Olimpiki Moscow 1980. Edward Cheserek pale Oregon alichukua mataji 17 ya vyuo. Sharon Lokedi alipita Kansas kabla ya kushinda New York 2022 na Boston 2025 kwa rekodi ya njia ile, 2:17:22. Na Doris Lemngole wa Alabama mwaka jana alikuwa mwanafunzi wa kwanza wa chuo kukimbia viunzi na maji chini ya dakika 9.

Kasoro ni viza. Mwenye viza ya mwanafunzi amebanwa sana kufanya kazi, kwahiyo zile pesa za matangazo mwenzake Mmarekani anazichukua kirahisi, yeye akikosea anaweza kuharibu viza. Kabla ya kusaini chochote aende ofisi ya wanafunzi wa kigeni chuoni kwake.

Naweza kuweka mkeka kwenye hizi mechi?

Sheria za nchi yako unazijua. Ninachoweza kukuambia, kaa mbali na ile mikeka ya mchezaji mmoja, pointi zake, ribaundi zake, mrusho wake mmoja. Jontay Porter wa Toronto Raptors alifungiwa maisha Aprili 2024 kwa kutoa siri za afya yake kwa wacheza kamari na kujitoa mechini, na Novemba 2025 warushaji wawili wa Cleveland Guardians walifunguliwa mashtaka kuhusu mirusho, wameyakana. Ukiweka pesa hapo unaweka kwenye kitu ambacho mtu mmoja anaweza kukiamua peke yake.

Mwanangu ana miaka 16, mrefu, anacheza vizuri, skolashipu inapatikanaje?

Anza na darasa. Kwa daraja la kwanza la NCAA anatakiwa masomo ya msingi 16 ya sekondari na wastani wa 2.3, na mtihani wa SAT wao hawaudai tena toka 2023, ingawa chuo chenyewe kinaweza kuudai, na Kiingereza atapimwa. Ajisajili kwenye kituo chao cha kuhakiki sifa, mtandaoni. Daraja la pili linatoa skolashipu pia, la tatu halitoi ya michezo kabisa, na kuna NAIA, chama kingine cha michezo ya vyuo, na vyuo vya miaka miwili ambavyo Wakenya wengi wa riadha wameanzia, usividharau.

Akimaliza sekondari asikae miaka akishindana huku anasubiri, muda wake wa kucheza chuo unaweza kuanza kuliwa. Asisaini na wakala wa kulipwa bila kuuliza.

Na mtu akikuambia lipa milioni kadhaa nimtafutie chuo, ondoka. Kocha wa Marekani anasoma barua pepe mwenyewe au msaidizi wake anaisoma, anwani ziko wazi kwenye tovuti ya chuo. Mwandikie kwa jina, weka urefu, uzito, mwaka wa kumaliza shule, matokeo ya mitihani, na video ya dakika tatu hivi ya mchezo mfululizo wa mechi sio danki peke yake, aonekane akikaba na akirudi nyuma kulinda. Kama ni mkimbiaji weka muda, tarehe na uwanja aliokimbilia. Tuma kwa vyuo 50, vingi havitajibu, na wanaojibu wajibu siku hiyohiyo.